Mbunifu wa Maleba katika Filamu: Taaluma na Nafasi Yake Kibera na Kawangware

Utangulizi

Mwanafunzi wa fasihi atakiwapo kuhakiki tamthilia, aghalabu huanza na dhamira, akaingia kwa wahusika, akamalizia na matumizi ya lugha. Maleba hutengewa sentensi moja, tena ikiwa nafasi imebaki. Mazoea haya tumeyahamishia katika uhakiki wa filamu, ilhali mtazamaji huliona vazi la mhusika kabla hajasikia neno lake la kwanza.

Makala haya yanaeleza kazi ya mbunifu wa maleba katika filamu, kwa kurejelea mitaa ya Kibera na Kawangware jijini Nairobi. Kibera imekuwa mandhari ya filamu kadhaa zinazojulikana, na mitaa yote miwili ina mafundi wa cherehani wengi. Hoja yetu ni kwamba mbunifu wa maleba ni mfasiri wa mhusika. Asiyewajua watu anaowavisha hufasiri visivyo.

Kazi yenyewe

Kazi hii huanzia kwenye mswada wala si sokoni. Mbunifu huusoma mswada wote, kisha huuchambua onyesho baada ya onyesho: nani yumo, ni siku ya ngapi katika hadithi, mhusika ametoka wapi, amepatwa na nini. Uchambuzi huu ni wa lazima kwa kuwa filamu haipigwi kwa kufuata mpangilio wa hadithi. Onyesho la mwisho laweza kupigwa siku ya kwanza. Kola ikiraruka katika onyesho la 10, sharti iwe imeraruka katika onyesho la 11, hata kama hilo la 11 lilipigwa wiki mbili awali. Ndiyo maana mbunifu na wasaidizi wake huweka daftari na picha za kila vazi.

Aidha, shati litakalotiwa damu huhitaji nakala kadhaa, kwani mwelekezi akitaka kurudia picha, ni lazima shati safi liwepo. Nguo mpya nayo huzeeshwa: hufuliwa mara nyingi, husuguliwa kwa msasa kwenye viwiko na kola, pengine hutiwa chai ili weupe wake ufifie. Mbunifu pia hushauriana na mpigapicha na mbunifu wa mandhari, maana mhusika aliyevaa rangi ya ukuta humezwa na ukuta huo.

Tuchukue mfano wa filamu ya Nairobi Half Life (2012), iliyoelekezwa na David Gitonga. Mhusika mkuu, Mwas, anatoka kijijini akitamani kuwa mwigizaji, anaingia katika genge la wezi, na papo hapo anafanya mazoezi ya tamthilia. Mhusika wa aina hii humpa mbunifu mtihani mgumu: watu watatu ndani ya mwili mmoja. Mtazamaji anapaswa kuyaona mabadiliko hayo bila ya kuelezwa, na bado amtambue Mwas kuwa ni yule yule.

Soko kama ghala la maleba

Kando ya Kibera kuna soko la Toi, maarufu kwa mitumba. Hapo mbunifu hujifunza msamiati usiopatikana katika kamusi zetu nyingi. Robota linapofunguliwa, nguo bora zinazochaguliwa mwanzo huitwa "kamera". Zile zinazosalia baada ya wanunuzi wote kupita huitwa "fagia". Mnunuzi wa kawaida hukimbilia kamera. Mbunifu wa maleba, kinyume chake, mara nyingi huhitaji fagia, kwa kuwa koti lililochakaa kwa kuvaliwa kweli hushinda lile lililochakazwa kwa msasa.

Kwa nakala za vazi moja, soko la mitumba halifai, kwani ni nadra kupata nguo mbili zinazofanana. Hapo ndipo fundi wa Kawangware anapohitajika. Yeye hulitazama vazi moja, akalipima, akashona mengine yanayolingana nalo kwa muda mfupi.

Vazi kama usemi

Filamu kubwa zilizopigwa nchini zimekuwa zikija na wabunifu kutoka nje. Maleba ya Out of Africa (1985) yalibuniwa na Milena Canonero wa Italia. Yale ya The Constant Gardener (2005), ambayo sehemu yake ilipigwa Kibera, yalibuniwa na Odile Dicks-Mireaux wa Uingereza. Hatusemi kwamba mgeni hawezi kazi hii. Tunasema kwamba lipo kosa ambalo asiye mwenyeji hulifanya kwa urahisi: kuamini kwamba umaskini na marapurapu ni kitu kimoja.

Anayetaka kulithibitisha kosa hili na asimame Laini Saba alfajiri ya siku ya kazi. Ataona mashati yaliyopigwa pasi ya makaa, sketi zilizonyooka, na viatu vilivyobebwa mkononi hadi tope liishe. Unadhifu huo ni usemi. Aliyeuvaa anasema kwamba nyumba yake ya mabati haimmalizi. Mbunifu akimvika marapurapu mtu huyo, atakuwa amemnyang'anya kauli.

Kadhalika, Kibera si ya watu wa aina moja. Jina lenyewe linatokana na neno la Kinubi lenye maana ya msitu, na Wanubi waliishi hapo tangu mwanzoni mwa karne ya 20. Bibi wa Kinubi wa Makina avaaye gurbaba yake hawezi kuvalishwa kama jirani yake aliyetoka Siaya au Kakamega. Mhusika akijifunga leso, mbunifu hana budi kuyasoma maandishi yake, kwa kuwa jina la leso laweza kusema jambo ambalo mswada haukukusudia.

Kuhusu kuingia katika taaluma

Wengi huanza wakiwa wasaidizi: kupiga pasi, kuandika daftari, kubeba mizigo. Wengine hupitia tamasha za drama za shule. Filamu ya Soul Boy (2010), iliyoelekezwa na Hawa Essuman kwa mswada wa Billy Kahora, ilipigwa Kibera kwa kuwashirikisha vijana wa mtaa huo. Hot Sun Foundation nayo ilianzisha shule ya filamu papo hapo Kibera. Hata hivyo, taaluma hujengwa kwa jina. Anayetafuta kazi ya pili huulizwa jina lake liko katika filamu gani.

Mwandishi wa makala haya ni mtoto wa fundi wa Kawangware. Mama aliwahi kushonea filamu moja magauni manne yanayofanana, akakesha siku mbili. Fedha yake alilipwa. Filamu ilipooneshwa, tulikaa hadi mstari wa mwisho wa majina. La dereva lilikuwapo, la mpishi lilikuwapo, la mama halikuwapo. Alisema tu, "Mshono wangu naujua." Kwa mama, hayo yalitosha. Kwa taaluma, hayatoshi, kwa maana hakuna atakayemtafuta fundi asiyetajwa.

Hitimisho

Tumeona kwamba mbunifu wa maleba husoma mswada, hupanga, hununua, huzeesha na hufasiri. Ni haki basi kazi yake ihakikiwe sawa na ya mwandishi. Tunapendekeza kwamba mhakiki wa filamu aulize maswali matatu: vazi hili linasema nini, nani amelisemesha, na je, jina lake limeandikwa? Swali la tatu laweza kuonekana kuwa si la kifasihi. Lakini sisi tunaofunzwa kumtaja mwandishi kila tunaponukuu hatuna udhuru wa kumsahau aliyeandika kwa uzi.