"Take" na Mzigo wa Kuchukua

Katika mbao za matangazo za ofisi zetu huonekana sentensi ya namna hii: "Mkutano wa wazazi utachukua nafasi Ijumaa." Msomaji hana budi kujiuliza, nafasi ya nani? Katika Kiswahili, achukuaye nafasi hukaa mahali pa mwingine, kama naibu akaavyo mahali pa mkuu asiyekuwapo. Mwandishi alikuwa na "take place" akilini, akafasiri neno kwa neno, ilhali "utafanyika" lingetosha.

Kosa hili lina chanzo chake. Vitenzi vya Kiingereza vilivyo vya kawaida sana, vikiandamana na neno dogo kama "off" au "over", mara nyingi huiacha maana yao ya asili. Samuel Johnson, katika dibaji ya kamusi yake ya mwaka 1755, alikiri kuwa muundo huu ndio unaowatatiza wageni kupita mwingine wowote, na miongoni mwa mifano yake imo "take off" kwa maana ya kuiga. Siku hizi "take off" hiyohiyo ni ya ndege inayoruka, ya mtu anayevua kofia, na hata ya muuzaji anayepunguza bei. Mahali pote hapo, kuchukua hakumo.

Kiswahili nacho kina ufundi wake, ila hujenga mwishoni mwa kitenzi: kuchukuana ni kulingana, kuchukuliana ni kuvumiliana. Tena asili ya "chukua" ni kubeba, ndipo tukapata mchukuzi na uchukuzi. Kwa maana ya "take" yenyewe, "twaa" ndilo lililo karibu zaidi.

Penye hatari hasa ni "take over". Mwalimu mkuu mpya hukabidhiwa shule. Jeshi hunyakua serikali. Kampuni huimiliki nyingine kwa kununua hisa zake. Taarifa ikisema kwamba katibu mpya "ametwaa madaraka", wananchi watauliza kama redio ya taifa ingali salama. Mfasiri na atazame kwanza: je, yupo anayekabidhi, na amekabidhi kwa hiari?

Hatudai kwamba kila tafsiri sisisi ifutwe. "Kuchukua hatua" na "kuchukua muda" zimekwisha kuzoeleka wala hazimpotezi mtu. Lakini "kuchukua nafasi" ina kazi yake tayari. Waraka usemao kuwa mkutano utachukua nafasi ya semina humwarifu mwalimu kwamba semina haipo tena, naye hatasafiri.