Usihadaiwe na sura ya saa ya mbizi

SAA za kupigia mbizi zenye sura ya kale zinapendwa mno, na si lazima mtu auze ng'ombe ndipo aipate moja. Tatizo ni kuwa si kila yenye sura hiyo yaweza kuzama.

Seiko SKX007, iliyoanza kuuzwa mwaka 1996, ilihimili kina cha mita 200. Kitufe chake cha kutilia majira kilikazwa kama skrubu, maji yasipenye. Ilipokoma kuundwa mwaka 2019, kampuni hiyo ya Japani ilizindua Seiko 5 Sports yenye umbo karibu lilo hilo. Hii lakini ni ya mita 100, na kitufe chake husukumwa tu. Kwa kuogelea yafaa. Kwa mzamiaji wa mtungi wa hewa, la hasha.

Mwenye mfuko mwembamba afadhali aitazame Orient Mako: mita 200, kitufe cha kukazwa, na pete ya kuhesabia dakika izungukayo upande mmoja pekee. Pete hiyo si pambo. Ikigongwa kwa bahati mbaya, mzamiaji hudhani amekaa chini muda mrefu zaidi, akaibuka hewa ingalipo.

Zote hujitia ufunguo kwa mwendo wa mkono. Seiko 5 Sports ikivuliwa husimama baada ya takriban saa 41.