Bunduki ya Kibandani Pembezoni mwa Kahuzi

Mtu wa Bagira, mjini Bukavu, ambaye shamba lake liko mbali, huko juu Kabare, mahali ambapo migomba inakoma na msitu wa Kahuzi-Biega unaanza, na ambaye msimu wa mahindi unapowadia hulazimika kuhamia kibandani ili aamie mazao usiku na mchana, hana budi siku moja kujiuliza swali ambalo babu zake walijiuliza kabla yake: je, nilale na silaha gani? Swali hili si la kipuuzi, na maadamu mashauri yatolewayo penye pombe ya kasiksi aghalabu hutoka kwa watu ambao hawajapata kulala kibandani hata usiku mmoja, nimeona si vibaya tulichambue kwa utulivu.

Babu zetu hawakupewa nafasi ya kuchagua. Tarehe 2 Julai 1890 madola yaliyokutana Brussels yalitia saini mkataba uliokusudiwa kukomesha biashara ya watumwa, na miongoni mwa masharti yake lilikuwamo hili, kwamba kati ya latitudo ya 20 kaskazini na ya 22 kusini bunduki za kisasa zisiingizwe ila kwa idhini ya serikali yenyewe, na kwamba raia aachiwe bunduki ya gumegume isiyo na misokoto ndani ya mtutu, pamoja na baruti ya kawaida. Hivyo askari wa Mfalme Leopold alipokuwa akifyatua risasi moja baada ya nyingine, mkulima alibaki akishindilia gobori lake kupitia mdomo wa mtutu, baruti kwanza, kisha kitambaa, kisha vipande vya chuma, huku akimwomba Mungu mvua isinyeshe. Gobori hilo lingaliko. Wahunzi wa vijijini bado hulitengeneza kwa mabomba ya chuma, na yeyote aijuaye hali ya hewa ya Kahuzi, ambako ukungu hushuka asubuhi na jioni na nguo haikauki kamwe, atafahamu kwa nini baruti yake hugoma saa ile ile inapohitajiwa. Na isipogoma, huenda mtutu ukapasuka mkononi mwa mwenyewe. Silaha hiyo simshauri mtu yeyote.

Kabla ya kutaja bunduki nyingine yafaa tumtaje mnyama, kwa kuwa wengi hununua chuma kwa kumwogopa mnyama ambaye hayupo. Tembo wa upande wa juu wa hifadhi ya Kahuzi-Biega, ambao kabla ya vita vya 1996 walihesabiwa kwa mamia, waliuawa karibu wote katika miaka michache iliyofuata kwa ajili ya pembe zao, na gorila wa upande huo wakapungua kwa takriban nusu. Ndiyo maana hifadhi hiyo, iliyoanzishwa mwaka 1970 na kutiwa katika orodha ya urithi wa dunia mwaka 1980, iliandikwa mwaka 1997 miongoni mwa zilizo hatarini. Wanaokuja shambani leo ni nyani, kima, nungunungu na nguruwe pori, yaani wezi zaidi kuliko wauaji. Sokwe au gorila akitoka msituni, huyo sheria imemlinda kikamilifu, na sheria ya uhifadhi ya Kongo ya tarehe 11 Februari 2014 haina mzaha katika jambo hilo. Fauka ya hayo, sheria ya uwindaji ya tarehe 28 Mei 1982 na ile ya silaha ya tarehe 3 Septemba 1985 zinadai kibali kwa bunduki na kibali kwa uwindaji, na mwenye kimoja asidhani kwamba anacho cha pili.

Basi tuseme mtu amepata vibali vyote kwa njia ya halali. Wapo watakaomwambia atafute bunduki kubwa, kama ile ya .375 iliyotolewa na kampuni ya Holland & Holland mwaka 1912, ambayo mpaka leo husifiwa na wawindaji wa nyati. Mimi nitawakumbusha habari ya Patterson, yule aliyesimamia ujenzi wa daraja la Tsavo, Kenya, mwaka 1898 wakati simba wawili walipokuwa wakiwala vibarua wa reli. Siku moja aliiacha .303 yake aliyoizoea akachukua ya rafiki yake, yenye nguvu zaidi, ambayo hakuwahi kuijaribu. Vibarua wakazunguka kichaka wakipiga madebe na ngoma, simba akatokea mbele yake kama ilivyopangwa, akalenga, na mtutu wa kwanza ukagoma. Wapiga madebe walitimiza kazi yao sawasawa. Iliyoshindwa ni ile bunduki yenye sifa. Na Mskoti Bell, aliyeua tembo zaidi ya elfu moja katika Karamoja, Lado na Kongo, sehemu kubwa ya kazi hiyo aliifanya kwa bunduki ndogo ya milimita 7, maana alijua hasa ubongo wa tembo umekaa wapi. Simsifu kwa mauaji yale. Nataja tu kwamba ukubwa wa risasi haujapata kuwa badala ya mkono uliozoea.

Kwa mtu wa kibandani, kwa hiyo, kama ni lazima awe na bunduki, iwe ya marisau, kalibri 12, yenye mitutu miwili na isiyo na madoido. Kwanza, mtambo wake ni mwepesi kufahamika: huvunjwa katikati, na mtu yeyote, hata gizani kwa kidole, aweza kujua kama imejazwa au ni tupu, jambo ambalo lina thamani kubwa mahali ambapo watoto wanalala. Pili, mtutu mmoja ukigoma, wa pili upo, na Patterson mwenyewe, alipokumbuka kwamba anao, alimjeruhi simba kwa huo wa pili. Lakini sababu kuu ni ya ujirani. Marisau madogo hupoteza nguvu zake za kuua baada ya mita 40 au 50, ilhali risasi ya Kalashnikov hupenya ukuta wa udongo kana kwamba ni karatasi, ikapita migombani na kuvuka kilima kabla haijatua. Na Kabare si nyika tupu, ni nchi iliyojaa watu, nyumba kwa nyumba, na nyuma ya kila nguruwe yupo mtu aliyelala. Bunduki za vita zimezagaa Kivu kwa miaka thelathini, naam, na bei yake huenda ikawa ndogo kuliko ya kalibri 12, lakini urahisi wa kuipata silaha haujaifanya ifae.

Ukuta nao usisahauliwe. Nchini Tanzania, hasa kusini, kati ya 1990 na 2004, simba waliua watu zaidi ya 560, na wataalamu waliochunguza vifo hivyo waliona kwamba nguruwe pori walikuwa na sehemu yao katika balaa: wakulima walilala madunguni na katika vibanda dhaifu ili kuwafukuza nguruwe, na simba, aliyewafuata nguruwe, akamkuta mtu. Mlango imara uliotengenezwa na seremala mzuri ungaliwaokoa wengi wao kabla ya bunduki yoyote kukokiwa. Hapa kwetu adui wa kibanda si simba, lakini mlango ule ule unahitajika, kwa maana chuma kikijulikana kwamba kimo ndani, watakuja wenye miguu miwili kukitafuta. Na tangu Februari 2025, Bukavu ilipoingia mikononi mwa waasi wa M23, mtu anayekutwa na bunduki njiani, hata iwe ya kuku wa porini, atapata tabu kubwa kuwashawishi wanaomhoji kwamba yeye ni mkulima.

Ndiyo maana hukumu yangu, baada ya kuisifu kalibri 12, ni kwamba asiyenayo asiitafute. Uganda, pembezoni mwa msitu wa Bwindi, tangu mwishoni mwa miaka ya 1990 viko vikundi vya wanavijiji wa kujitolea ambao gorila wakiingia mashambani huwazunguka bila silaha, kwa kengele na kelele na subira nyingi, wakawarudisha msituni, na mnyama hufa kwa nadra na mtu vile vile. Batwa, ambao waliijua Kahuzi kuliko sisi sote kabla ya kufukuzwa humo katika miaka ya 1970, wangeweza kuwa walimu wa kazi hiyo na kulipwa ujira wake. Taasisi ya hifadhi, Mwami wa Kabare na wakuu wa vijiji wakae pamoja, wateue watu hao, wawape makoti ya mvua, kurunzi na mbiu, na wafanye hivyo kabla mahindi ya msimu ujao hayajachanua.