Mkate Umedunda, Halafu Umebonyea

Wasee wa Kanama, tubonge ukweli: hiyo mashine ya mkate cuzo alikutumia kutoka majuu haijarogwa. Shida ni kijitabu chake, kiliandikwa na watu wanaishi karibu na bahari. Ziwa Kivu lenyewe, huko chini Gisenyi, liko mita 1,460 juu ya usawa wa bahari, na kutoka hapo kuja Kanama ni kupanda tu. Huku hewa ni nyepesi. Gesi ya hamira inapanuka mbio ka matatu ya Rongai, donge linavimba kushinda nguvu zake, na kabla moto ulishike, katikati inaporomoka. Unafungua kifuniko, unapata shimo.

Dawa? Punguza hamira robo. Kijitabu kikisema vijiko viwili vya chai, weka kimoja na nusu. Maji yawe baridi, na chumvi usiiguse, ju hiyo ndiyo breki ya hamira.

Halafu kuna kitu mabeshte wengi huogopa: kufungua kifuniko mashine ikikanda. Manze, fungua! Dakika kumi za kwanza hakuna kitu kitaharibika. Unataka donge moja, laini, linagusa kuta na kuachia. Likinata na kutambaa huko chini, ongeza unga kijiko kimoja, ngoja, cheki tena. Likigonga-gonga na mashine ianze kulia, ongeza maji kijiko kimoja. Mos mos. Ukimwaga kwa hasira ndio unatoa ule mkate wa kuvunja dirisha.

Na ukiwa Kanama bila kutia kiazi kwa mkate, unajinyima bure. Chukua kimoja pale soko la Mahoko, chemsha, ponda, tia. Wanga wake unashika maji, so mkate unabaki laini hadi kesho. Lakini kiazi kinakuja na maji yake, kwa hivyo punguza yale ya kipimo. Kuoka na viazi si mambo mapya: hata Sina Gérard, yule mfanyabiashara wa Nyirangarama, amekuwa akitengeneza biskuti za viazi vitamu kitambo.

Stima sasa. Rwanda ni volti 230. Mashine ya Marekani ni ya 120, ukiichomeka bila transfoma utanusa moshi kabla ya mkate. Cheki pia yuniti za cash power, ile stima ya kulipia kwanza, ju mzunguko wa kawaida ni kama saa tatu. Yuniti zikiisha katikati, mashine nyingi husahau zilikuwa wapi. Usilie. Toa donge, lipake mafuta, lilaze kwa sufuria nzito juu ya jiko la imbabura, makaa machache chini, mengine juu ya kifuniko. Mathe za Pwani wamepika mkate hivyo miaka na mikaka.

Ikipiga kengele, toa mkate hapo hapo. Ukiuacha ndani, mvuke unageuka maji na pembeni inalowa. Chomoa kile kichuma cha kukandia kama kimebaki tumboni, uuweke kwa waya upoe kabla ya kisu. Najua mbogi imeshakaa na chai mkononi. Wangoje.