Je, Wajua? Programu Huweza Kuomba Hesabu ya Matumizi Yake

Katika Linux, macOS na mifumo mingine ya jamii ya Unix, programu huweza kuuliza mfumo endeshi imetumia kiasi gani cha kompyuta. Wito wenyewe huitwa getrusage. Jibu lake hugawa muda wa prosesa mafungu mawili: muda wa kutekeleza maagizo ya programu yenyewe, na muda ambao kiini cha mfumo kiliitumikia, mathalani kwa kusoma faili. Mgawanyo huu ni hazina kwa mwandishi wa programu. Fungu la pili likivimba, kunoa mahesabu yake hakutamfaa sana. Achunguze anavyoomba huduma za mfumo.

Muda wa kungoja diski au mtandao haumo kabisa. Ndiyo maana programu iliyochukua dakika nzima yaweza kuwa imetumia prosesa sekunde moja tu.

Jibu hilo hutaja pia kilele cha kumbukumbu iliyotumika, na hapa pana mtego: Linux hukitaja kwa kilobaiti, macOS kwa baiti. Asiyejua hilo ataona programu ileile imenenepa zaidi ya mara elfu kwa kuhamishwa tu.