Wahandisi wa simu walivyofundishwa biashara na wateja 500

LUMINO, Busia – Mchuuzi anayenunua dagaa kwenye mwalo wa Majanji na kuwapitisha Lumino hadi Busia hutembea na laini mbili za simu. Ya Kenya hupokea malipo ya mteja wa ng'ambo, ya Uganda humlipa mvuvi. Dagaa nao wana majina mawili, mukene upande huu na omena upande ule, lakini majina hayajamla mtu shilingi. Laini zinamla: ada ya kutuma, ada ya kutoa, na kile kinachobaki mkononi mwa mbadilisha fedha.

Kwa hiyo vijana wenye programu mpya ya biashara wanapomfuata sokoni, ana haki ya kuuliza kwanza: walioitengeneza walimwuliza nani?

Huduma anayoitegemea kila siku kwa laini yake ya Kenya ilianza kwa kukosea hapo hapo. M-Pesa haikubuniwa kwa ajili yake. Wazo lilikuwa la Nick Hughes wa kampuni ya Vodafone, na fedha za kuanzia zilitoka kwa Vodafone na serikali ya Uingereza. Mwaka 2005 Susie Lonie alitumwa Kenya kuongoza kazi hiyo. Programu ilitengenezwa na kampuni ya Sagentia ya Cambridge, maelfu ya kilomita kutoka duka la wakala. Lengo lililoandikwa lilikuwa moja: mkopaji wa taasisi ya Faulu Kenya arejeshe mkopo wake kwa simu.

Jambo moja walilipata mapema. Mteja waliyemlenga alikuwa na simu ya bei ya chini, basi orodha ya huduma ikawekwa ndani ya laini yenyewe ili simu yoyote iweze kuitumia. Huo ulikuwa uamuzi wa biashara kabla ya kuwa wa kiufundi.

Majaribio yalianza Oktoba 2005, Nairobi na Thika, kwa wateja wapatao 500. Hapo mambo yakageuka. Mikopo ya Faulu ilikwenda kwa vikundi vinavyokutana na kulipa pamoja, ilhali mfumo ulimtambua mtu mmoja mmoja kwa namba yake ya simu. Vitabu vya pande mbili havikuoana. Programu ilifanya ilichoagizwa, lakini kazi ya ofisi ikaongezeka.

Wakati huo huo wateja walikuwa na shughuli zao. Aliyesafiri kati ya miji miwili aliweka fedha kwa wakala wa huku akazitoa kwa wa kule, asibebe noti njiani. Wenye maduka waliifanya kasha la usiku, kwa sababu benki hufungwa mapema kuliko wakala. Wengine walilipana bidhaa, na wengine waliwatumia ndugu. Hakuna aliyewaagiza. Mfanyabiashara akipewa chombo hukitafutia kazi yake mwenyewe.

Kiongozi wa timu angeweza kuyaita hayo matumizi mabaya na kuwaamuru wahandisi wayazibe. Timu ya Lonie iliyasoma kama agizo jipya. Marejesho ya mikopo yakawekwa kando, na huduma ilipozinduliwa Machi 2007 ilinadiwa kwa jambo moja, kutuma pesa nyumbani. Kabla mwaka haujaisha wateja walikuwa wamepita milioni 1. Mzigo huo nao ulikuwa na gharama yake: hadi Aprili 2015 mitambo ya M-Pesa ilikuwa Ujerumani, ndipo ikahamishiwa Kenya.

Mpakani Busia somo hilo linahitajika bado. Kituo cha huduma kwa pamoja kilifunguliwa rasmi na Marais Museveni na Kenyatta tarehe 24 Februari 2018, na mwenye mzigo usiozidi dola 2,000, ulio kwenye orodha ya bidhaa zinazokubaliwa, anaweza kutumia cheti rahisi cha uasili. Jukwaa la Sauti, lililoanza kazi mpaka huu huu, humpa mfanyabiashara bei za mazao, viwango vya fedha na taratibu za forodha kupitia simu ya kawaida isiyo na intaneti. Walioliunda walimtazama mteja kwanza.

Hatari iko kwenye kuhesabu. Timu inayopimwa kwa idadi ya waliojisajili itamhesabu mama wa Lumino aliyejisajili siku ya mkutano, akala soda, asiifungue programu tena. Ikipimwa kwa saa alizookoa kwenye foleni au shilingi zilizobaki mfukoni, mhandisi atalazimika kupanda boda boda kuja kuuliza.

Akija, asianze na maonyesho ya simu yake. Asimame barabarani Busia, karibu na wabadilisha fedha walio na mabunda ya noti za nchi mbili, awaangalie wenye laini mbili mfukoni wakipanga mstari mbele yao.