Kuchezea 'ubongo' wa gari kwaweza kukugharimu injini

HUENDA, msomaji, umewahi kusikia Subaru au Mitsubishi ikinguruma usiku barabarani hata vioo vya madirisha yako vikatetemeka. Huenda pia mwanao, au mwenzako chuoni, amekueleza kwa fahari kwamba gari hilo "limechezewa kompyuta" na sasa linakimbia kuliko lilipotoka kiwandani. Je, ni kitu gani hasa kinachochezewa? Na nguvu hizo mpya zinatoka wapi?

Magari haya yalijipatia sifa humu nchini kupitia mashindano ya Safari Rally. Mwaka wa 1996 Tommi Mäkinen alishinda kwa Mitsubishi Lancer, na mwaka uliofuata Colin McRae akashinda kwa Subaru Impreza. Hata hivyo, kisa cha kompyuta kina mizizi Japani kwenyewe.

Tangu mwishoni mwa miaka ya themanini hadi 2004, kampuni za magari za Japani zilikuwa na makubaliano kwamba hakuna ambayo ingetangaza gari lenye nguvu zinazopita za farasi 280. Isitoshe, magari yaliyouzwa nchini humo yaliwekewa kizuizi cha mwendo wa kilomita 180 kwa saa. Nissan Skyline GT-R ya 1989 iliandikiwa farasi 280, ingawa injini yake ya lita 2.6 yenye turbo mbili ingeweza kutoa zaidi. Wapenzi wa mbio walitambua kwamba nguvu zilikuwa zimefungiwa ndani. Karakana kama Mine's zikavuma kwa kuuza chipu za kompyuta zilizoandikwa upya.

Jedwali la hesabu

Kompyuta ya injini ni kisanduku kidogo, ambacho katika magari mengi hufichwa chini ya zulia au nyuma ya dashibodi. Ndani yake mna majedwali, mfano wa lile la kuzidisha lililokuwa likichapishwa nyuma ya daftari la shule. Upande mmja huonyesha kasi ya injini, na upande wa pili kiasi cha hewa inayoingia. Zinapokutana, kompyuta husoma ni petroli kiasi gani inyunyizwe na plagi itoe cheche wakati gani.

Kazi hiyo si ya mzaha. Injini ikizunguka mara 6,000 kwa dakika, kila silinda huwaka mara 50 kwa sekunde moja.

Zamani fundi alilazimika kung'oa chipu na kuweka nyingine. Siku hizi huchomeka waya wa kompyuta yake ndogo kwenye gari na kubadilisha tarakimu. Huruhusu turbo isukume hewa zaidi, huongeza petroli, na huileta cheche mapema kidogo. Gari hupata nguvu papo hapo.

Lakini nguvu hizo si za bure. Wahandisi wa kiwandani waliacha akiba kwa makusudi, kwa sababu ya siku ya jua kali, kisafisha hewa kilichojaa vumbi, au mwenye gari asiyekumbuka kubadilisha oili. Anayeandika upya majedwali hutumia akiba hiyo. Akiisha kuitumia, hakuna kilichobaki cha kukuokoa.

Petroli yao na yetu

Hapa ndipo wengi hupotea. Gari la mbio lililotengenezewa soko la Japani lilikusudiwa petroli ya daraja la juu ya huko, ambayo okteni yake hufikia takriban 100. Petroli ya kawaida katika vituo vyetu haifiki hapo. Okteni ikiwa ya chini, mchanganyiko wa petroli na hewa hulipuka wenyewe kabla ya wakati. Utasikia mlio kama wa changarawe ndani ya mkebe. Mlio huo ukiendelea, pistoni huyeyuka au kupasuka, na injini imekwisha.

Jambo jingine ni kwamba Nairobi iko karibu mita 1,700 juu ya usawa wa bahari. Hewa ni nyepesi, kwa hiyo turbo hulazimika kuzunguka kwa kasi zaidi ili kufikia shinikizo lile lile. Majedwali yaliyoandikiwa Tokyo hayafai kunakiliwa vivi hivi.

Ukiwa bado umeazimia, hakikisha kwanza injini ni nzima. Tafuta fundi mwenye mashine ya kupimia nguvu na kifaa cha kupima mchanganyiko, na mwambie utatumia petroli gani. Mtake ahifadhi majedwali ya kiwandani ili yaweze kurejeshwa. Breki na magurudumu yalingane na nguvu mpya. Iarifu kampuni ya bima pia, maana ukinyamaza huenda ikakataa kulipa siku ya ajali.

Nawe unayenunua gari la familia lililokwisha kutumika, uliza waziwazi iwapo kompyuta yake imewahi kuguswa. Huenda muuzaji anakuuzia injini ambayo akiba yake imeshaliwa.

Mwisho, kumbuka kwamba sheria hairuhusu gari dogo kupita kilomita 110 kwa saa, hata katika barabara zetu kuu. Kizuizi cha kilomita 180 unachotaka kiondolewe hukupaswa kukifikia kamwe. Wahenga hawakukosea waliponena kwamba tamaa mbele, mauti nyuma.